Asidi, Vitone na Magome ya Amani

Test zimebanana wiki hii na kila kimbwete kimejaa watu na madesa yao, lakini nimeona nipumzike kidogo niandike. Leo naandika historia, tena historia ya kemia. Najua watu wa Arts mshaanza kujiondokea taratibu. Ngojeni kwanza. Humu kuna vita, kuna mtu anakatwa kichwa, kuna mihogo, na kuna milima ya kwetu Usambara. Mkichoka njiani mtaniambia tukikutana kantini.

Naanza na swali ambalo kila mwaka wa kwanza analiuliza, na kila kidato cha tatu analiuliza kabla yake. Kwa nini HCl inaitwa asidi hidrokloriki, lakini HNO3 haiitwi asidi hidronitriki? Zote zina hidrojeni. Zote zinachoma. Kwa nini moja ipewe "hidro" mbele na nyingine inyimwe?

Desa linajibu hivi: asidi isiyo na oksijeni inawekewa "hidro" mbele, yenye oksijeni haiwekewi. Jibu hilo ni sahihi, na ukiliandika kwenye mtihani unapata maksi zako. Lakini halijajibu "kwa nini". Limesema tu "ndivyo ilivyo". Na hapo ndipo kemia inapogeuka kuwa somo la kukariri, mtu anameza majina kama anavyomeza kwinini, anakunja uso, anasubiri UE ipite, kisha anasahau yote.

Mimi nasema hivi: sheria za kuyapa majina asidi, na sheria za kuchora molekuli kwa vitone, ni kumbukumbu za ubishi wa watu. Ukiujua ubishi wenyewe, sheria inakaa kichwani bila kulazimishwa. Na kituo kimoja cha habari hii kipo milimani kwetu.

Turudi nyuma kwanza. Zamani hapakuwa na sheria yoyote. Asidi iliitwa kwa jina la mahali ilipotoka, kama tunavyoita watu "mama wa Soni" au "yule jamaa wa Mlalo". Ya kwenye siki iliitwa asetiki, maana Warumi waliita siki acetum. Msweden mmoja, Carl Wilhelm Scheele, alikuwa mfamasia, akatoa asidi kutoka maziwa yaliyochacha (1780), akatoa nyingine kutoka limau (1784), na nyingine kutoka matufaa (1785). Leo ndizo laktiki, sitriki na maliki. Mwingereza John Ray alikuwa ameandika tangu 1671 juu ya ukali unaopatikana ukipika sisimizi na kukinga mvuke wao, ndiyo formiki, kwa sababu sisimizi kwa Kilatini ni formica. Sisi wa Lushoto maliki tunaijua vizuri hata bila maabara. Ng'ata plamu changa ya mwezi wa kumi na moja, kabla haijaiva. Ile inayokufumba jicho moja ndiyo hiyo.

Majina haya ni mazuri, lakini hayasemi kitu juu ya ndani ya asidi yenyewe. Sulfuriki iliitwa mafuta ya vitrioli. Nitriki ikaitwa maji makali. Kila mji na jina lake, kila mfamasia na lake. Mwaka 1787 Wafaransa wanne wakasema imetosha: Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Wakatoa kitabu cha utaratibu mpya wa majina, wakisema jina lazima lionyeshe kitu kimetengenezwa na nini.

Miisho yote tunayokariri leo ilitoka pale. Asidi yenye oksijeni nyingi inaishia na "iki", yenye oksijeni pungufu inaishia na "asi". Chumvi ya ile ya "iki" inaishia na "eti", na chumvi ya ile ya "asi" inaishia na "aiti". Sulfuriki, H2SO4, inazaa sulfeti. Sulfurasi, H2SO3, inazaa sulfaiti. Nitriki inazaa nitreti, nitrasi inazaa nitraiti. Ukitaka kuona kwamba haya si maneno ya ubaoni tu, soma kopo la vidonge vya damu wanavyopewa akina mama kliniki. Utakuta maneno mawili, ferasi sulfeti. "Asi" ya ferasi inakwambia chuma chenyewe ni cha daraja la chini, kimepoteza elektroni mbili badala ya tatu. "Eti" ya sulfeti inakwambia upande wa pili umetoka kwenye asidi sulfuriki. Yaani kopo zima limejieleza kwa miisho miwili ya Wafaransa.

Sasa njooni kwenye kosa lao. Lavoisier aliamini kwamba ukali wa kila asidi unatoka kwenye gesi moja, ile ambayo mshumaa unawaka vizuri ndani yake. Aliamini hivyo kiasi kwamba akaipa gesi hiyo jina kutoka Kigiriki, maana yake "mzaa ukali". Ndiyo oksijeni. Kila unaposema oksijeni, ndugu yangu, unatamka nadharia ya Lavoisier. Hidrojeni naye ni "mzaa maji", na hilo ni kweli, maana ikiungua inatoa maji. Lakini lile la oksijeni halikuwa kweli.

Wa kwanza kuingiza shaka alikuwa mmoja wa hao hao wanne. Mwaka huo huo wa 1787 Berthollet alichunguza asidi ya prusiki akaona haina oksijeni hata chembe. Hiyo ndiyo HCN, asidi hidrosianiki, na msidhani ni kitu cha Ulaya. Ndiyo sumu ya mihogo michungu. Bibi zetu wanaloweka mihogo, wanaimenya, wanaianika hadi inakuwa makopa, na kwa njia hiyo asidi hiyo inatoka kwa maji na kwa hewa. Hawakuwahi kuiita hidrosianiki, lakini namna ya kuiondoa walishaijua.

Lavoisier hakuishi kuona mwisho wa ubishi. Alikuwa pia katika kampuni ya wakusanya kodi wa mfalme, na mapinduzi yalipokuja, tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa pamoja na wenzake wa kodi. Kosa lake likaendelea kuishi. Watu waliihangaikia asidi muriatiki, ile ya chumvi ya mezani, wakitafuta oksijeni iliyojificha ndani. Hawakuiona. Mwaka 1810 Humphry Davy, London, akasema basi, tuache kutafuta. Gesi ya kijani-njano inayotoka humo ni elementi yenyewe, akaiita klorini kutokana na rangi yake. Asidi muriatiki ni hidrojeni na klorini tu, hakuna mtu wa tatu. Mfaransa Gay-Lussac akaipa jina jipya: hidrokloriki.

Mmeona sasa? "Hidro" ni kovu. Inaashiria pale ambapo sheria ya 1787 ilipasuka. Majina ya zamani hayakuhitaji kutaja oksijeni kwa sababu walidhani imo kila mahali. Zile zilizokutwa hazina oksijeni ikabidi zitangazwe kwamba hizi ni za hidrojeni: hidrokloriki, hidrosianiki, hidrobromiki. Nitriki na sulfuriki zikabaki bila "hidro" kwa sababu zenyewe hazikuharibu nadharia ya mtu. Mwanafunzi akilijua hili, hata umwamshe saa nane za usiku hawezi kuandika hidronitriki.

Tuhamie milimani.

Wasiofika kwetu waelewe jiografia kidogo. Usambara ni milima miwili. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko Usambara ya Magharibi. Ukishuka Soni hadi Mombo, ukapita Korogwe mpaka Muheza, kisha ukapanda tena kule msituni, unafika Amani, Usambara ya Mashariki. Katikati ni bonde la Lwengera. Wasambaa tangu zamani wanatenganisha milima, Shambaai, na tambarare, nyika. Nyika ilikuwa na homa. Mtu wa mlimani akishuka nyika akikaa huko, alirudi anatetemeka. Homa hiyo ndiyo malaria, na dawa yake iliyojulikana duniani wakati huo ilikuwa moja tu, kwinini, kutoka gome la mti wa sinkona.

Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Hata jina lake lina makosa. Linnaeus, mwaka 1742, aliuita kwa heshima ya mke wa mtawala mmoja wa Peru, Countess wa Chinchón, lakini akaangusha ile h ya kwanza, ikabaki Cinchona hadi leo. Waholanzi waliupanda Java na wakakaribia kuhodhi soko lote la dunia.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, mkuu wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Walipanda miti ya kila pembe ya dunia waone ipi itafaa koloni, na sinkona ikiwemo. Palikuwa na bustani, maktaba na maabara ya kemia. Yaani, wakati nchi hii ilikuwa haina hata shule moja ya sekondari, juu ya mlima wa Usambara palikuwa na watu wanapima asidi kwenye vioo. Na chini yao palikuwa na watu wa kwetu na wa kutoka mbali wanaofyeka, wanaopanda, wanaobeba mizigo kutoka Muheza, wanaomenya magome. Hao majina yao hayamo kwenye vitabu vya kemia tunavyosoma. Ya Stuhlmann yamo.

Agosti 1914 vita ikaanza. Manowari za Uingereza zikafunga pwani. Kwa vita nzima ni meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilizofanikiwa kupenya, moja Aprili 1915 na nyingine Machi 1916. Dawa zikawa shida, na jeshi lisilo na kwinini kwenye nchi ya mbu halifiki mbali. Amani ikageuzwa kiwanda. Walitengeneza sabuni, chokoleti, dawa ya meno, pombe kali, na juu ya yote vidonge vya kwinini kutoka magome yaliyovunwa huku kaskazini. Walipofukuzwa kaskazini katikati ya 1916 walibeba magome wakaenda nayo kusini, wakawa wanayachemsha tu na kunywa maji yake. Askari waliokunywa uchungu ule waliupa jina la utani, pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao von Lettow-Vorbeck.

Sasa kemia inaingiaje? Kwinini ni kali kwa uchungu lakini si asidi. Ni besi. Ndani ya gome imeshikana na vitu vingine, ikiwemo asidi iliyopewa jina la mti huo huo, asidi kwiniki. Njia ya kawaida ya enzi hizo ilikuwa hivi: gome linasagwa, linachanganywa na chokaa ili kwinini iachiwe huru. Kisha inavutwa kwa mafuta, maana kwinini huru haipendi maji. Halafu mafuta hayo yanatikiswa na asidi sulfuriki iliyopunguzwa makali. Ghafla kwinini inahamia kwenye maji. Ukiyapooza na kuyapunguza ukali, fuwele nyeupe zinajikusanya chini. Zinaitwaje? Kwinini sulfeti. Ile "eti" ya 1787 imefika mpaka kwenye kidonge cha askari.

Ila kwa nini asidi inaivuta kwinini kutoka kwenye mafuta? Watu wa enzi hiyo walijua kwamba inavuta. Kanuni walikuwa nayo, mizani walikuwa nayo. Sababu yenyewe ilikuwa bado.

Hapa naomba niwape kisa kinachoonyesha kwa nini kuchora ni jambo zito. Fomula ya kwinini ilijulikana tangu 1854: C20H24N2O2. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, London, alitaka kuitengeneza nyumbani kwao. Alipiga hesabu kwa fomula peke yake. Akachukua kitu chenye C10H13N, akasema viwili vyake, ukiongeza oksijeni tatu, ukiondoa maji molekuli moja, unapata C20H24N2O2 kamili. Jumlisheni wenyewe, hesabu inakubali. Akachanganya. Akapata tope jekundu la kahawia. Alipojaribu kwa kitu kingine akapata rangi ya zambarau, akatajirika kwa rangi za nguo, lakini kwinini hakuipata. Hesabu ya atomi ilikuwa sawa, ila atomi haziko kama machungwa ndani ya kikapu, kwamba ukiwa na idadi basi umemaliza. Kila moja imemshika nani? Ndiyo swali. Ni kama kuwa na orodha ya ndugu wote waliokuja harusini bila kujua nani mke wa nani.

Mpangilio wa kwinini ulikuja kujulikana mwaka 1908, kwa kazi ya Mjerumani Paul Rabe. Walikuwa wanachora kwa mistari, kama tunavyochora sisi. Lakini mstari ulikuwa ni mstari tu. Ukimuuliza mtu mstari huu ni kitu gani hasa, atakwambia ni "kifungo". Na kifungo ni kitu gani? Ni mstari.

Aprili 1916, Gilbert Newton Lewis wa chuo cha Berkeley, California, akachapisha makala yake juu ya atomi na molekuli. Akasema mstari ni elektroni mbili ambazo atomi mbili zinazimiliki kwa pamoja. Basi. Akaweka vitone badala ya mistari. Mwaka 1919 Irving Langmuir akatoa neno tunalolitumia, kovalenti. Angalieni tarehe, jamani. Miezi ile ile ambayo Amani walikuwa wanahangaika na magome na asidi kabla Waingereza hawajafika mlimani katikati ya 1916, upande wa pili wa dunia mtu alikuwa amechapa maelezo ya kile walichokuwa wanakifanya. Hawakukutana.

Ngoja nionyeshe kwa mfano mdogo. Chukua amonia, NH3. Nitrojeni ina elektroni tano za nje, hidrojeni tatu zina moja moja, jumla nane, yaani jozi nne. Jozi tatu zinashika hidrojeni tatu. Inabaki jozi moja juu ya nitrojeni, haijashika mtu. Ukichora kwa mistari peke yake jozi hiyo huioni. Ukichora kwa vitone inakukodolea macho. Sasa asidi inaleta nini? Inaleta hidrojeni iliyonyang'anywa elektroni yake, H+, haina kitu mfukoni. Ile jozi iliyokaa bure inaipokea. Mwaka 1923 Brønsted na Lowry, kila mmoja kwake, wakaiita asidi mtoa H+ na besi mpokeaji. Mwaka huo huo Lewis akaenda mbele zaidi, akasema asidi ni yule anayepokea jozi ya elektroni. Oksijeni ya Lavoisier ikawa imetoka kabisa kwenye maana ya asidi, ikabaki kwenye jina lake mwenyewe tu.

Kwinini ina elektroni za nje 126, jozi 63. Msiogope, simwambii mtu achore zote. Zitazameni nitrojeni mbili tu. Kila moja ina jozi yake ya pembeni kama ile ya amonia. Moja kati ya hizo, ile iliyo kwenye pete zilizofungana kama tundu, inapokea H+ kwa urahisi zaidi. Ikishapokea, molekuli nzima inakuwa na chaji, na chenye chaji kinapenda maji kuliko mafuta. Ndiyo maana inahama. Siri yote ya kiwanda kile ipo kwenye vitone viwili.

Turudi kwenye madesa yetu, maana najua kuna watu wana test Jumatatu. Kuchora asidi yenye oksijeni ni hesabu tu. Nitriki: hidrojeni 1, nitrojeni 5, oksijeni tatu 18, jumla 24. Nitrojeni katikati, oksijeni tatu zimeizunguka, na hidrojeni, hapa ndipo wengi wanapotaka kuiweka kwenye nitrojeni, inakaa juu ya oksijeni. Oksijeni moja inashika nitrojeni kwa jozi mbili. Zilizobaki zigawe hadi kila mmoja (ukiacha hidrojeni) apate nane. Zinatosha 24 kamili. Hidrosianiki ni nyepesi zaidi: 1 na 4 na 5, jumla 10. H inashika C kwa jozi moja, C inashika N kwa jozi tatu, na jozi ya mwisho inakaa juu ya N.

Na jihadharini, fomula inaweza kukudanganya kama ilivyomdanganya Perkin. H3PO3, asidi fosforasi, ina hidrojeni tatu. Mtu anasema basi itatoa tatu. Hapana, inatoa mbili. Hidrojeni moja imeshikwa na fosforasi yenyewe na haitoki. Jina halikwambii hilo, fomula haikwambii. Mchoro unakwambia.

Kuna jambo moja linaniuma kidogo katika haya yote. Mtoto wa Lushoto anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, anajua tindikali, anajua hewa ya ukaa, anajua siki na magadi. Akiingia kidato cha kwanza, yote yanaanza upya kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kufundisha kwa Kiswahili, serikali haikulitekeleza. Mwaka 1990 TUKI pale Mlimani walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, maneno yakawepo, ila madarasa yakaendelea kama zamani. Sisemi majina ya asidi yafutwe tuseme "ukali wa kiberiti". Wafaransa walichota Kigiriki, Waingereza wakachota kwa Wafaransa, na sisi tunachota kwao wote. Iki, asi, eti na aiti zinakaa vizuri tu kwenye midomo yetu. Ninachosema ni kwamba mtoto aelezwe neno linasema nini. Akiambiwa oksijeni ni "mzaa ukali" na kwamba aliyeiita hivyo alikosea, atacheka, na hatasahau.

Na aelezwe pia kuhusu Amani. Baada ya Wajerumani, Waingereza waliifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na baadaye ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mlima uliopikwa kwinini ukaja kumchunguza mbu mwenyewe. Msitu unaozunguka ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kwenye bustani ya zamani ya Wajerumani sinkona bado imo. Inafikika kwa basi. Tunawapeleka watoto kuona mamba na viboko, ni vizuri, lakini hata mti ambao kidonge chake kina jina la asidi unastahili safari ya siku moja.

Siku hizi malaria tunaitibu kwa mseto, ALu, ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza mwaka 2006. Nusu yake inatokana na artemisinini, kutoka mmea mwingine kabisa, wa Uchina, uliomletea Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ukiuchora mpangilio wa artemisinini utaona kitu cha ajabu: oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, O na O, katikati ya molekuli. Kifungo hicho ni dhaifu, na nguvu ya dawa iko hapo hapo. Kikivunjika ndani ya kijidudu, kijidudu kinakufa. Nacho ni mstari mmoja tu, vitone viwili, kwenye karatasi ya test.

Haya, nendeni mkasome. Na atakayeniandikia hidronitriki simjui.